Nguvu Mbili za Maji

Ngamiani, Tanga
4 Machi 1956

Dada yangu Mwanamkasi,

Shikamoo. Kwanza niulize hali yako, ya shemeji Shehe na ya watoto wote hapo Pangani. Huku kwetu tu wazima. Mke wangu Mboni akusalimu sana, na mwanetu ameshaanza kutembea, sasa hakuna kikombe kinachokaa mezani. Mkeka uliompa Bibiana muuza machungwa umefika. Mboni kaukunja kauficha, ati wageni watauchafua.

Mwanao Msafiri mzima. Anakula, analala, asubuhi nampakia nyuma ya baiskeli twende shule. Mwili hauna neno. Kichwa ndicho kinachonitoa roho.

Nisikilize, maana sina mwingine wa kumwambia. Nafundisha Darasa la Kumi habari za maji yanayopita ndani ya bomba. Bomba ni pana, katikati linakuwa jembamba, kisha linapanuka tena. Penye wembamba maji hukimbia zaidi, na hilo wamelikubali wote. Sasa nikawauliza: presha, yaani vile maji yanavyosukuma kuta za bomba, ni kubwa wapi? Ukweli ni kwamba penye wembamba presha ni ndogo. Ndivyo ilivyo, si mimi niliyeamua. Darasa zima likanijibu kwa sauti moja kama watoto wa chuo cha Kurani: kubwa, penye wembamba!

Nikasema haya, macho hayadanganyi. Nikaleta bomba la kioo lenye vijibomba vitatu vilivyosimama juu yake. Maji yakipanda sana ndani ya kijibomba, hapo presha ni kubwa. Yakipanda kidogo, ni ndogo. Nikafungulia. Cha katikati, penye wembamba, maji yakasimama chini kabisa, kila mtu kaona. Nikawageukia kwa furaha. Mwanao kanyosha mkono, na wajua kasema nini? "Mjomba, hicho cha katikati kimeziba."

Mjomba! Mbele ya darasa! Nimemkataza neno hilo shuleni tangu siku ya kwanza. Wenzake wamecheka mpaka wakalalia madawati. Kisha kaja mwenyewe, kakichomoa, kakipuliza, kakirudisha. Maji yakasimama palepale. Basi kasema kioo kibovu.

Dada, mtoto huyu ulimnyonyesha nini?

Nduguyo,
Uweso


Pangani
19 Machi 1956

Ndugu yangu Uweso,

Marahaba. Hapa twaendelea. Shehe anaanza kukanyagia ule mguu wake uliokuwa ukimuuma, na binti yetu Kijakazi ametiwa chuoni, keshaanza kutuamsha na alifu kijiti. Nazi mwaka huu ni ndogo, watu wanalalamika.

Barua yako nimeisoma ukurasa mzima wa bomba. Nikasema labda upande wa pili atanambia kile kikohozi kimemwacha mwanangu, au kama viatu bado vyamtosha. Wapi! Bomba tu. Nikamsomea Shehe, naye kaniuliza, "Huyu ndugu yako kafiwa?"

Na mimi nitakwambia, mdomo wangu waujua. Mwanangu kasema sawa. Pale Boma mtunza bustani akibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yaruka mpaka barabarani, na yakikupata usoni yauma. Wewe mwenyewe ulifukuzwa pale kwa mchezo huo, nikakimbia nawe mkono kwa mkono. Leo umekwenda Makerere, umerudi, ati maji yakibanwa yalegea. Haya bwana.

Lakini mtoto anayekipuliza kioo atazame kama kimeziba si mjinga, Uweso. Huyo ataka kujua. Mjinga angenyamaza.

Jambo jingine. Huo mtihani wa kuchuja wa mwezi wa tano, wa kuchagua wanaoendelea na sayansi, nakuomba usifanye mchezo nao. Shehe auulizia kila mara. Usiniulize kwa nini. Msafiri na apite, basi.

Ni mimi dada yako,
Mwanamkasi


Ngamiani, Tanga
8 Aprili 1956

Dada Mwanamkasi,

Shikamoo. Natumai barua hii itawahi kufika kabla ya mwezi kuandama, tuwatakie Ramadhani njema. Kikohozi kimemwacha. Viatu vyamtosha. Mboni na mtoto wanakusalimu.

Habari ya mpira wa maji imenichosha, maana ndiyo hiyohiyo wanayoniambia darasani kila siku. Yale maji yanayokupiga usoni yamekwisha toka nje, Dada. Yamekupiga kwa kukimbia kwake. Mimi nauliza yanasukuma ukuta kiasi gani yakiwa bado ndani, yanapita. Ni mambo mawili, nanyi mwayafanya moja.

Basi wiki iliyopita nimefanya jambo, na hili libaki kati yetu. Sheria ya shule ni Kiingereza tu, kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Nikafunga mlango wa darasa, nikawafundisha kwa Kiswahili. Nikawaambia, hebu fikirini watu wakitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Ndani ni kupana, mlango ni mwembamba. Huko ndani nyuma ya mlango ndiko watu wanakosongamana na kusukumana. Aliyefika mlangoni anakwenda mbio, hasukumi mtu wa ubavuni. Nani aliyemkimbiza? Ni wale walio nyuma, wanaosukuma zaidi. Na maji ni hivyohivyo.

Nikaona nyuso zinafunguka. Timotheo, yule kijana wa Kibondei ambaye hata msikitini hajaingia, kaitikia kwa kichwa. Nikajisemea leo nimewapata. Msafiri kasimama: "Lakini Mwalimu, mimi mbavu zangu zilibanwa mlangoni, si ndani."

Darasa zima likarudi kwake. Zima! Nilikasirika, Dada, sikufichi. Basi yakaisha.

Mtihani ni baada ya Idi. Umeniambia nisiulize kwa nini, sikuulizi.

Uweso


Pangani
29 Aprili 1956

Uweso,

Marahaba. Ramadhani imetukuta na mvua. Barua yako imechelewa kwa sababu barabara ya Tanga ilikatika. Mto umejaa, maji yana nguvu ajabu, yameng'oa migomba ya ng'ambo yote. Nami homa imenishika tangu kumi la kwanza la mfungo. Sasa imeniacha lakini sina nguvu, hata kalamu naiona nzito. Kwa hiyo nitasema kwa kifupi, nawe usinikate.

"Basi yakaisha." Hayo ndiyo maneno yako. Bibiana kaja hapa jana na kapu la machungwa, kaniuliza kwa wema wake kama Msafiri amezoea chakula cha bweni. Bweni gani? Mwanangu nimempeleka kwa ndugu yangu, tumbo moja. Kumbe umemtoa darasani kwa kumshika shati, mbele ya wenzake, naye jioni ile kakusanya nguo zake kaondoka nyumbani kwako. Na Ramadhani hii anafuturu uji wa bweni, wakati Mboni anapika hapohapo Ngamiani! Wewe waniandikia viatu vyamtosha.

Nimeumia sana, Uweso. Si kwa kuwa umemkasirikia. Mwanangu mbishi, namjua, kamrithi mjombake. Nimeumia kwa kuwa umenificha.

Haya, nami sikufichi tena. Shehe amekwisha panga. Kama Msafiri hakuchaguliwa kwenye sayansi, Idi ya kuchinja ikipita anakwenda Mombasa, akauze vitambaa kwa ami yake Mselem. Asema kama ni kusoma hadithi za Wazungu tu, atazisoma dukani. Na mtoto ataka kuwa injinia, Uweso, tangu alipokuwa analifungua jiko langu la pampu na kulifunga tena. Dukani atakufa huku anatembea. Sasa wajua kwa nini.

Mwanamkasi


Ngamiani, Tanga
20 Mei 1956

Dada,

Shikamoo. Idi ilipita salama, ila nyumba ilikuwa kimya. Nilikwenda bwenini kumchukua Msafiri aje kula pilau. Alikuja, akala, akamshukuru Mboni, akaondoka. Aliniita "Mwalimu" hata nyumbani. Unayosema juu yangu ni kweli yote. 

Mtihani umefanywa, nimesahihisha. Swali la bomba lilikuwa na maksi nyingi, na karibu darasa zima wamelikosa. Wameandika kwa Kiingereza kwamba penye wembamba maji yana pawa zaidi. Pawa! Sikuwafundisha neno hilo, wala silo lililoulizwa. Msafiri kapata sifuri kama wenzake, na sifuri hiyo imemshusha chini ya maksi za kupita, jina lake halimo kwenye orodha ya sayansi. Nilitupa kalamu. Nikawaita vichwa vya mawe, peke yangu, kwa sauti, mpaka Mboni akaja kuchungulia.

Kisha nikachukua barua yako, nitafute jina la huyo ami wa Mombasa, nimwandikie asimwonee mtoto. Nikaisoma toka juu. Mto una nguvu ajabu. Nawe huna nguvu. Nikairudia. Ya mto ni mbio zake. Yako ni uzima wa mwili. Neno ni moja, na wala hukukosea, ndivyo tusemavyo sote.

Hapo ndipo nikakumbuka nilichosema siku ile niliyofunga mlango. Presha kwao ni jambo la mpira wa baiskeli, kwa hiyo nilitafuta Kiswahili chake, nikasema "nguvu". Na mwendo wa maji nao nikasema "kwa nguvu". Dada, haya ndiyo maneno niliyoyatamka, na nikawaandikisha: "Penye wembamba maji yanakwenda kwa nguvu, kwa hiyo nguvu zake zimepungua." Jisomee mwenyewe. Nani mwenye akili timamu ataelewa hapo? Wao walichukua nusu ya kwanza, maana ndiyo inayoingia kichwani, wakaifanya Kiingereza, wakapata pawa. Nami nikawapa sifuri kwa neno langu mwenyewe. Nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia Msafiri, na safari hii hapakuwa na wa kumtoa nje.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu kumwomba swali lile lifutwe, waulizwe tena. Kasema maksi zikishaandikwa zimeandikwa, isipokuwa kuna sababu. Kaniuliza, kuna sababu? Nikasema nitafikiri.

Sababu ipo, nawe waijua. Nikiisema, nimekiri kwamba nafundisha kwa Kiswahili nyuma ya mlango. Mwaka jana mwenzetu mmoja, Manase, alikamatwa na kosa hilohilo, na sasa hayupo hapa. Na sisi tumeahidiwa nyumba ya serikali huko njia ya Raskazone, Mboni ameshachagua chumba cha mtoto. Orodha itapelekwa mwisho wa mwezi wa sita.

Nifanye nini? Wewe ni mkubwa wangu. Niambie.

Uweso


Pangani
2 Juni 1956

Uweso ndugu yangu,

Marahaba. Sote wazima, homa imekwisha.

Waniuliza mimi? Mimi ni mama yake. Nikikwambia sema, nimekutoa kazini kwa mkono wangu, na Mboni hatanitazama usoni. Nikikwambia nyamaza, nimempakia mwanangu basi la Mombasa. Hukunitendea haki kuniuliza. Sitakujibu.

Shehe ameshamwandikia Mselem. Msafiri haniletei barua siku hizi.

Mwanamkasi


Handeni
15 Julai 1956

Dada yangu,

Shikamoo. Utashangaa kuona jina la mji hapo juu. Nimekawia kuandika kwa sababu ya kuhama, na kwa sababu Mboni alikuwa hasemi nami, na nyumba isiyosemwa ndani yake barua haiandikiki. Sasa anasema kidogo. Maji hapa ni ya kuteka mbali, hilo ndilo analolisema zaidi.

Nilikwenda nikasema. Mwalimu Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso. Kaniuliza mara moja tu, "Ulijua sheria?" Nikasema nilijua. Basi. Swali limefutwa, watoto watafanya mtihani upya, na mimi nimeletwa huku kufundisha hesabu shule ya kati. Kujumlisha na kutoa, Dada. Wakia na ratili. Nikisema sijachukia nitakuwa muongo. Kuna siku naishika chaki natamani kuitafuna.

Siku ya kuhama Msafiri alikuja kusaidia kufunga mizigo. Alijua kila kitu, watoto wa bweni hawafichwi jambo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, juu ya siku ile niliyomshika shati. Nikaanza, "Msafiri, ile siku..." Akanikata: "Lakini Mjomba, ule mlango wa msikiti. Kama watu wangekuwa maji..." Dereva wa lori akapiga honi. Akatupandishia kitanda cha mtoto, akafunga kamba, lori likaondoka, naye kasimama barabarani mkono uko juu, sijui ananipungia au bado anauliza.

Mwombe Shehe asimwondoe kabla majibu hayajatoka. Nimempa mwanawe nilichokuwa nacho.

Nduguyo,
Uweso


Pangani
26 Agosti 1956

Ndugu yangu kipenzi Uweso,

Marahaba, na marahaba tena, na Mungu akuzidishie. Mpe mkono Mboni, mwambie dada mtu alia kwa furaha na kwa aibu pia. Namtumia nazi na papa mkavu kwa lori la Muheza, asikatae.

Kapita! Msafiri kapita, Uweso, kawa wa tatu darasani, anaendelea na sayansi. Shehe alimzuia hapa mpaka majibu yakaja, maana nilimwambia mtoto akipanda basi nami napanda. Majibu yalipofika akaenda sokoni akarudi na nyama. Barua ya Mselem kaichana mwenyewe.

Sasa nikwambie kilichonichekesha. Msafiri yupo hapa likizo. Nikamwita jikoni, nikamwambia, hebu nieleze na mimi, maana mjombako kahamishwa kwa ajili ya jambo hili na mpaka leo silijui. Presha ni kubwa wapi? Kajibu bila hata kufikiri: "Penye wembamba."

Nikasema we mtoto, si umepita? Kasema, "Nimepita, Mama. Yule mwalimu mpya Mzungu aliandika ubaoni kwamba penye wembamba ni ndogo, tukanakili. Mtihani ulipokuja nikaandika hivyo. Kafurahi, kanipa maksi zote. Lakini si kweli." Nikamwuliza kwa nini basi hakumwambia mwalimu kwamba hakubali. Kaniangalia kama nimesema upuuzi. Kasema, "Yule haulizwi, Mama. Ukinyosha mkono anadhani wataka kwenda msalani. Wa kubishana naye alikuwa Mjomba, na Mjomba mmemtoa."

Nimecheka, kisha sikucheka tena. Nikafikiri, nikuandikie haya au nisikuandikie? Tulikwisha kubaliana hatufichani.

Dada yako,
Mwanamkasi


Handeni
5 Septemba 1956

Dada,

Shikamoo. Mboni anashukuru kwa nazi, na papa ameshamla nusu.

Nimefurahi kapita. Nimefurahi sana, na nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Nimepoteza kazi yangu, nyumba, na usingizi wa mke wangu, mtoto apate maksi zote za jambo asiloliamini! Barua yako nimeibeba mfukoni siku tatu, naisoma kila nikipata nafasi, na kila nikiisoma natamani kumpiga kofi na kumkumbatia.

Shule yetu inafungwa kwa likizo. Nakuja Pangani Ijumaa ya wiki ijayo. Msafiri asiende popote. Mwambie siji kumpa hongera, wala asinikimbilie kwa adabu na kunipokea mfuko. Na akae tayari na maneno yake yote, ya mpira wa maji, ya mbavu, na yale aliyokatwa na honi ya lori.

Shehe akiuliza nimefuata nini, mwambie nina ugomvi na mwanawe, na hautakwisha siku moja.

Uweso